Duka limepoa: tafuta linavujia wapi

Ukipita mtaa wetu hapa Busia, upande wa Uganda, saa nne asubuhi, ukawauliza wenye maduka biashara ikoje, utajibiwa kwa maneno mawili: hali ngumu. Muuza mchele atasema hivyo, muuza vitenge atasema hivyo, hata yule kijana wa vifaa vya simu aliyenunua pikipiki mpya mwezi uliopita atasema hivyo. Sibishani nao. Ila hali ngumu ni kama mvua: inanyeshea mapaa yote, na kila paa lina tundu lake. Mwenye duka asiyepanda juu kuangalia tundu liko wapi atabaki kuhamisha beseni usiku kucha.

Nimeuza rejareja miaka kumi na tano: sukari, sabuni, mafuta ya kupikia, unga, chumvi, viberiti, madaftari ya shule. Nimepitia kufungwa kwa mpaka kwa abiria Machi 2020, nimepitia sabuni kupanda bei 2022, nimepitia shilingi ya Kenya kushuka 2023. Mara zote tatu nilikimbilia dawa kabla sijapima, na mara zote tatu dawa ya kwanza ilinila pesa. Ndiyo maana naanza na kipimo.

Kabla ya yote: boksi na kalamu

Chukua upande mmoja wa boksi la sabuni, ubandike karibu na droo ya pesa. Kila anayenunua, hata kiberiti kimoja, piga mstari. Jioni hesabu mistari, hesabu na pesa uliyouza, kisha gawa pesa kwa mistari. Fanya hivyo siku kumi na nne mfululizo, Jumapili na siku ya soko zikiwemo, maana siku ya soko peke yake itakudanganya.

Utapata namba tatu: watu wangapi waliingia, kila mmoja aliacha kiasi gani kwa wastani, na jumla. Mwezi mmoja mwaka 2022 boksi langu lilisema watu 84 kwa siku, mauzo shilingi 302,400 za Uganda, yaani kila mtu 3,600. Boksi la mwaka uliotangulia lilikuwa na watu 86 na wastani wa 4,900. Mimi nilikuwa nimeshaamini kwamba wateja wamenikimbia, na nilikuwa mbioni kumlipa kijana apite mtaani na kipaza sauti. Wateja hawakuwa wamekwenda popote. Ni wawili tu waliopungua. Kilichokonda ni kikapu cha kila mmoja, na kipaza sauti hakinenepeshi kikapu.

Ongeza namba mbili zaidi mara moja kwa wiki: jumla ya madeni yaliyo kwenye daftari, na thamani ya mali iliyo rafuni kwa bei uliyonunulia. Hizo tano zinatosha kwa kila kitu kinachofuata.

Watu ni walewale, lakini droo ni nyepesi

Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote wakati pesa inapokauka. Aliyekuwa akinunua kilo ya sukari anataka nusu, wa nusu anataka robo, na wa robo anaweka sarafu mezani na kusema, "Mama Zubeda, nipe ya mia tano." Ukimjibu huna ya mia tano, hatakasirika. Atakwenda kibanda cha jirani, na huko atanunua na chumvi na majani ya chai ambayo angenunua kwako.

Dawa yake ni kupima kidogo kidogo, na hapa nataka tukae, kwa sababu watu wengi wanapima bila kupiga hesabu. Chukua gunia la sukari la kilo 50 ulilonunua kwa 180,000. Ukiuza kilo kwa 4,000 unapata 200,000, faida elfu 20. Ukiligawa kwenye robo za 1,100, karatasini linatoa robo 200, yaani 220,000. Lakini gunia halitoi robo 200. La kwangu hutoa 195 likijitahidi: nyingine inabaki kwenye mishono ya gunia, nyingine inamwagika, nyingine ni mkono wangu mwepesi kwa watoto. Robo 195 ni 214,500. Toa kaveera, yaani mifuko ya plastiki, za 2,500 hivi, unabaki na faida ya 32,000. Imezidi ile ya kilo kwa 12,000, na umelipa kwa saa mbili za kukaa na mizani usiku baada ya kufunga. Kama saa hizo unazo, vizuri. Kama unamlipa mtu azifanye, hesabu upya.

Usivuke mpaka wa haki. Wapo wanaouza pakti ya mia tano ambayo ukiijumlisha kilo inafika elfu sita. Mteja hajui hesabu ya gramu, lakini anajua sukari ya mia tano inatia utamu vikombe vingapi vya chai, na kikombe kimoja kikipungua anajua. Mizani yako iwe na alama ya ukaguzi ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, na uiweke pale mteja anapoiona, isijifiche nyuma ya mtungi.

Sabuni ya mche ina ujuzi wake. Ikate ikiwa bado mbichi, kabla haijakauka dukani, kwa waya mwembamba au uzi wa nailoni uliofungwa vijiti viwili, maana kisu huipasua pembeni na kipande kilichopasuka hakuna anayekitaka. Mimi huweka rula ya shule juu ya meza, naweka alama sita kwa msumari, halafu navuta waya kwenda chini bila kusita. Vipande vinatoka uso laini kama siagi. Vifunike kwa karatasi; sabuni iliyokatwa inapoteza unyevu na kusinyaa, na baada ya wiki mteja ataona kama umemwibia.

Mafuta ya kupikia kutoka kwenye jerikeni ya lita 20 ni hivyo hivyo, ila hapo usafi ndio tangazo. Faneli yenye nzi imefukuza wateja wengi kuliko bei.

Unauza vizuri, lakini ukienda kununua tena pesa haitoshi

Hii ni dalili ya hatari zaidi kwa sababu haina kelele. Duka limejaa watu, unachoka, unalala vizuri, na mtaji unaisha.

Rudi kwenye gunia lile la 180,000. Umeuza kilo zote kwa 4,000, umeshika 200,000, unajisifu. Unaenda kwa muuzaji wa jumla unakuta gunia limefika 200,000. Umeuza gunia zima ukapata gunia, na nauli ya boda imetoka mfukoni. Bado hujala, hujalipa kodi ya chumba, hujalipa umeme.

Mwaka 2022 tuliliwa hivyo wengi. Mafuta ya mawese yanayotengenezewa sabuni na mafuta ya kupikia yalikuwa yamepanda duniani tangu mwaka uliotangulia, vita vya Ukraine vikakata mafuta ya alizeti, halafu Indonesia, mzalishaji mkubwa kuliko wote wa mawese, ikazuia kuyauza nje kuanzia tarehe 28 Aprili hadi 23 Mei. Mche wa sabuni ulikuwa unabadilika bei kati ya safari moja ya Kikuubo, soko la jumla la Kampala, na nyingine. Kufikia Oktoba mwaka huo mfumuko wa bei nchini ulikuwa 10.7%. Mimi niliendelea kuuza sabuni ya stoo kwa bei ya zamani kwa wiki mbili, nikijiona mwenye huruma. Huruma hiyo ilinitoa kwenye katoni tano hadi tatu.

Pima hivi: chagua bidhaa zako kumi zinazotoka haraka. Kila Jumatatu asubuhi piga simu kwa muuzaji wa jumla, uandike bei ya siku hiyo pembeni ya bei yako ya kuuzia. Bei ya kuuzia ifuate bei utakayonunulia tena. Ile uliyonunulia mwezi jana imeshapita. Ukipandisha, pandisha mapema na kidogo, na umwambie mteja sababu kabla hajauliza. Mteja anasamehe mia mbili aliyoambiwa mapema. Hasamehi mia mbili aliyoigundua akifika nyumbani na chenji pungufu. Na bei ikishuka, ishushe siku hiyo hiyo na uiseme kwa sauti. Hilo ndilo tangazo bora ambalo duka dogo linaweza kupata, na halilipiwi.

Kuna chanzo cha pili cha dalili hii, nacho kinakaa nyumbani kwako. Watoto wanachukua mkate, shemeji anachukua soda, wewe mwenyewe unachukua kilo ya unga kila jioni, na hakuna anayeandika. Weka ukurasa wa nyumbani kwenye daftari kama mteja mwingine yeyote. Kwangu, mwezi wa kwanza wa kuandika, mteja mkubwa wa duka alikuwa jiko langu.

Na kwa kuwa tumetaja mkate: tarehe 1 Mei 2022 Rais Museveni aliwaambia wananchi kama hakuna mkate wale muhogo. Watu walikasirika, walicheka, wakatunga mizaha, na wengi mwishowe wakala muhogo, maana mkate ulikuwa umewashinda. Mikate yangu ilianza kurudi na ukungu. Mama mmoja akaniomba nafasi barazani akaange muhogo asubuhi. Nikampa bure. Wanaokuja kwa muhogo wanahitaji sukari na majani ya chai, na saa moja asubuhi hawataki kuvuka barabara. Mstari wa asubuhi kwenye boksi langu ulipanda bila mimi kununua chochote kipya. Mkate niliupunguza kutoka 20 hadi 6 kwa siku na sijaurudisha.

Wateja wenyewe wamepungua

Sasa hii ndiyo mistari kwenye boksi imepungua kweli. Usiogope bado. Uliza maswali mawili: ni akina nani hawaji, na ni saa ngapi hawaji.

Kwanza angalia kalenda. Wiki za kufungua shule, muhula wa kwanza mwezi Februari, wa pili mwisho wa Mei na wa tatu Septemba, pesa yote ya mtaa inakwenda kwenye karo, na duka la chakula linahisi kabla ya mtu yeyote. Wafanyakazi wa mshahara wanarudi mwisho wa mwezi. Wakulima wanarudi mahindi yakivunwa. Mwezi wa Ramadhani saa za kununua zinahama kabisa, asubuhi imelala na saa kumi na moja jioni hupumui. Linganisha mwezi huu na mwezi huu wa mwaka jana, usiulinganishe na Desemba.

Kama kalenda haielezi, tafuta kilichofungwa. Shule zilipofungwa Machi 2020 na zikaja kufunguliwa kikamilifu Januari 2022, duka lililokuwa likiishi kwa kalamu, biskuti na sare lilikuwa limekufa hata kama mwenyewe angepunguza bei hadi chini ya mtaji. Mteja hakuwepo. Hapo hakuna tangazo la kusaidia, ni kubadilisha unachouza au kuhama.

Sisi wa mpakani tuna ugonjwa wetu wa pekee, na nilishindwa kuutambua kwa karibu mwaka mzima. Mwanzoni mwa 2022 shilingi moja ya Kenya ilikuwa kama 31 za Uganda. Januari 2024 ilikuwa kama 24. Maana yake, mama wa ng'ambo aliyevuka na noti ya 1,000 kununua maharage, karanga na unga alikuwa akibadilisha anapata 31,000. Januari 2024 akawa anapata 24,000, na bei zangu hazikuwa zimeshuka hata mia. Akaanza kuja mara moja kwa wiki badala ya mara tatu, kisha akaacha. Mimi nilidhani jirani yangu amenichukulia wateja. Nilimnunia bure, masikini.

Ningepaswa kuona upande wa pili wa noti hiyo hiyo. Shilingi ya Kenya ikishuka, wanunuzi wa ng'ambo wanapungua, lakini bidhaa za viwanda vya ng'ambo zinakuwa rahisi kwetu. Ule ulikuwa wakati wa kununua huko, na kuuza zaidi kwa watu wa huku. Kufikia katikati ya 2024 ilikuwa imerudi karibu na 29, wale kina mama wakarudi, na mimi ndio kwanza nilikuwa nimeelewa. Siku hizi nawauliza wabadilishaji pesa wa pale getini kila asubuhi nikipita, kama mtu anavyouliza habari ya mgonjwa.

Ukinunua ng'ambo, pita njia halali. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 wa bidhaa zilizotengenezwa Afrika Mashariki na zilizo kwenye orodha, kuna utaratibu rahisi wa cheti cha asili kinachojazwa pale pale mpakani, na ushuru wa forodha hautozwi, ingawa kodi za ndani kama VAT zinaweza kubaki. Njia za panya zipo, kila mtu anazijua, neno lenyewe magendo tumelitumia hapa tangu miaka ya 1970. Lakini katoni kumi zikikamatwa, duka dogo halina mwezi wa kuzilipa.

Ukisharidhika kwamba wateja wapo mtaani ila hawaingii kwako, hapo ndipo tangazo lina kazi. Usitupe pesa mbali. Facebook ilifungwa nchini Januari 2021, na anayeitaka anapitia VPN, programu ya kukwepa kizuizi, kwa hiyo tangazo la kulipia huko kumfikia mama wa mtaa wa pili ni kumtafuta kwa kuzunguka Nairobi. Yuko WhatsApp. Omba namba za wateja wako thelathini wa kudumu, na kila asubuhi weka kwenye status picha tatu tu zenye bei: sukari kilo, mafuta nusu lita, na kitu kimoja kilichoshuka. Bei iandikwe. Picha ya duka zuri isiyo na bei haimtoi mtu kitandani. Mimi hupiga picha ya karatasi iliyoandikwa kwa mkono, imelala juu ya gunia, na inaleta watu kuliko ile ya rangi niliyotengenezewa kwa elfu 30.

Steji ya boda ni tangazo lingine. Vijana kumi wa pikipiki wanapita nyumba mia. Nao wanataka kitu kidogo: maji ya kunywa bure siku ya jua, na duka litakalofunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Nilifungua saa moja mapema zaidi kwa mwezi mmoja kujaribu. Saa hiyo moja sasa ni ya tatu kwa mauzo katika siku nzima.

Pesa ipo, lakini ipo kwenye daftari

Hali ikikaza, mkopo unageuka kuwa njia ya kuvutia wateja, na mwenye duka anajidanganya kwamba ameuza. Pima: jumla ya madeni ikizidi thamani ya mzigo unaonunua kwa safari moja, wewe si mwenye duka tena, ni benki isiyo na riba.

Nina kidonda hapa. Shule moja ya binafsi, siitaji, ilichukua maharage na sukari kwangu kwa ahadi ya kulipa karo zikiingia. Karo ziliingia, zikatoka, muhula ukaisha, mhasibu akabadilishwa. Nililipwa baada ya mihula miwili, kwa vipande, na bei ya sukari ilikuwa imeshapanda mara mbili katikati. Nililipwa kila shilingi niliyodai, na bado nilipata hasara.

Sheria yangu ya sasa ni fupi. Mtu mmoja asizidi 20,000. Jumla isizidi magunia mawili ya sukari. Taasisi hazikopi, hata zikija na muhuri. Na deni linaandikwa mbele ya mwenyewe, anasoma, anatia saini. Baba Musa wa boda alinuna siku ya kwanza.

"Mama Zubeda, miaka yote hii leo hunijui?"

"Nakujua, baba. Ukurasa wako ndio umejaa. Lipa nusu, leo leo nakuandikia tena."

Alilipa nusu jioni ile. Wengi wanaweza kulipa nusu. Wanachoshindwa ni kulipa yote, na aibu ya kushindwa yote inawafanya wapite njia ya nyuma ya duka lako. Ukimpa mtu mlango wa nusu, unapata pesa na unabaki na mteja.

Wanaosema "nitakutumia kwa simu" wakubalie, lakini usitoe pesa hiyo kwa wakala kila jioni. Tangu 2018 kuna kodi ya 0.5% kwenye kutoa pesa ya simu, juu ya ada ya mtandao wenyewe. Iache kwenye simu na umlipe nayo muuzaji wa jumla.

Rafu zimejaa, mfuko mtupu

Pitisha kidole juu ya bidhaa. Penye vumbi ndipo pesa yako ilipolala. Mimi hufanya hivi mwisho wa kila mwezi, na kila chenye vumbi kinashuka kwenye meza ya mbele na kuuzwa kwa bei niliyonunulia, siku saba. Kisipotoka, nabadilishana na jirani: yeye ana mtaa wa wanafunzi, mimi nina wa kina mama.

Chanzo chake ni karibu kila mara kimoja: punguzo la jumla. Muuzaji anakwambia ukichukua katoni kumi anakutolea 4,000 kwa kila moja. Elfu 40, nani anakataa? Lakini wewe unauza katoni tatu kwa mwezi. Umefunga pesa ya katoni saba, ambayo ingezunguka kwenye sukari na unga mara nne au tano katika muda huo. Gunia moja la sukari likizunguka mara mbili tu kwa faida ya elfu 20 limeshazirudisha hizo elfu 40. Hali ikiwa ngumu, nunua kidogo mara nyingi. Punguzo waachie wenye stoo.

Nauli ndiyo inayoharibu ushauri huo, najua. Kutoka hapa hadi Kikuubo ni karibu kilomita 200, na huwezi kwenda kila Jumanne kwa magunia mawili. Tulijiunga wenye maduka wanne. Mmoja anakwenda na orodha za wote, lori linagawanywa kwa gunia, na anayekwenda halipi nauli yake. Tuligombana mara mbili kuhusu nani alileta mchele mbaya, kisha tukakubaliana kwamba mchele kila mtu anunue wake. Vingine vyote vinakwenda sawa. Na dai risiti, hata kama mwenye jumla anakunja uso: baada ya mgomo wa wafanyabiashara wa Kampala Aprili 2024 kuhusu risiti za EFRIS, mfumo wa mamlaka ya mapato wa risiti za kielektroniki, wengine wanauza kama vile karatasi ni zawadi, lakini mali yenye kasoro bila risiti hairudi.

Kila kitu kiko sawa na bado hasara

Kama wateja wapo, kikapu ni cha kadiri, bei zinafuata soko, madeni yako chini na vumbi hakuna, basi tundu liko kwenye gharama zisizobadilika, hasa kodi ya chumba. Nenda kwa mwenye nyumba na boksi lako. Sikutanii. Nilimpelekea maboksi matatu ya mistari, akaangalia, akakubali nilipe kila wiki badala ya miezi mitatu mbele. Hakupunguza shilingi, lakini pesa ya miezi mitatu ilirudi kuwa mtaji. Na akitaka kupandisha, sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 2022 imeweka kikomo cha 10% kwa mwaka.

Usikope kulipa kodi ya chumba. Mkopo wa kununua mali inayotoka kwa wiki mbili unaweza kujilipa. Mkopo wa kodi haujilipi kamwe.

Na kama umejaribu haya miezi mitatu na namba tano bado zinashuka zote, kufunga ni hesabu kama nyingine, na ina mpangilio wake. Kusanya madeni kwanza, taratibu, kwa mlango wa nusu. Acha kuagiza. Uza mali hadi rafu za juu ziwe tupu, mlipe wa jumla, ongea na mwenye nyumba. Kutangaza kwamba unafunga kuwe kwa mwisho kabisa, maana siku mtaa utakapojua, kila aliye kwenye daftari lako ataanza kupita njia ya nyuma.